Mashine ya kudarizi ya nyumbani: kitenge kinatoka safi, fomu siksi (fulana za kola) zinajikunja. Tatizo liko wapi?

#1 MamaNakshi (Morogoro)
Habarini wakuu. Nimepata mashine ndogo ya kudarizi, ya sindano moja, ile yenye kioo cha kugusa na sehemu ya kuchomeka flashi. Fremu yake ni sentimita 10 kwa 10. Lengo langu ni majina kwenye mataulo ya watoto na beji za shule ya chekechea iliyo jirani yangu. Wao wanataka fomu siksi sasa, masweta baadaye.

Kwenye kitenge na kaki kazi inatoka vizuri mno, wateja hawaamini kama imefanyika sebuleni. Shida ni fomu siksi. Nikishaitoa fulana kwenye fremu, kitambaa kinajikunja kuizunguka beji yote na pasi haisaidii. Mara nyingine uzi unajisokota na kurundikana chini ya bamba la sindano mpaka nakata kwa mkasi.

Juu natumia uzi wa poliesta wa kung'aa, chini kwenye bobini naweka uzi wa kawaida wa kushonea. Sindano ni saizi 90/14. Nyuma naweka gamu ile ya kola za shati.

Naomba kujua mawili: kinachokunja ni nini? Na mashine ya aina hii inabeba biashara kweli, au niiuze, niongezee, nitafute ya sindano nyingi?

#2 Chaurembo
Naweka kambi hapa, mimi na mdogo wangu tuna mpango huohuo.

#3 FundiMtaaWaCongo (Dar)
Karibu kwenye fani dada. Jibu lako ni karatasi ya nyuma, hakuna kingine.

Kitenge kimefumwa nyuzi za wima na za mlalo, hakivutiki. Fomu siksi ni kitambaa cha vitanzi, ukikivuta kinakuja, ukikiachia kinarudi. Mashine inapiga maelfu ya mishono pale, na kila mshono unavuta kitambaa kidogo. Kitenge kinavumilia, fomu siksi haivumilii. Ndiyo maana lazima pawe na kitu cha kuishika kwa nyuma.

Karatasi zipo za namna tatu. Ya kuchana, ukimaliza unaichana na kuitupa, hiyo ni ya vitambaa vigumu kama kaki, jinzi na kitenge. Ya kukata, unaipunguza kwa mkasi ukiacha mpaka wa kidole hivi kuzunguka nembo, na inabaki ndani ya nguo maisha yote. Hiyo ndiyo ya fomu siksi, fulana na sweta. Halafu kuna ya kuyeyuka kwenye maji, iko kama plastiki nyembamba, ya kwako wewe wa mataulo: unaitandaza JUU ya taulo ili mishono isizame kwenye manyoya.

Gamu ya kola ni ya kola. Inaipa nguo ugumu lakini haikutengenezwa kubeba mishono 10,000.

#4 Sindano75 (Arusha)
Fundi wa Congo kaeleza vizuri ila nampinga kidogo. Nimeona watu wakitumia karatasi nzuri kabisa ya kukata na bado fulana inajikunja. Sababu ni namna wanavyoitia kwenye fremu.

Ukiivuta fomu siksi kwenye fremu mpaka ikazane kama ngoma, umeshaharibu. Mashine inadarizi juu ya kitambaa kilichovutwa, ukifungua fremu kitambaa kinarudi kwenye ukubwa wake, mishono hairudi. Unapata mikunjo kuzunguka pale pale.

Fanya hivi: tia kwenye fremu KARATASI PEKE YAKE, ikaze. Pulizia gundi ya muda, kidogo tu, halafu laza fulana juu yake bila kuivuta, ibane kwa pini mbali na njia ya sindano. Mashine ikianza, pitisha kwanza mshono wa fremu unaozunguka nembo ili vitu vishikane. Gundi usipulizie karibu na mashine, inanata kwenye njia ya uzi.

#5 BiLeso (Mombasa)
Nyote wawili mnazungumzia nguo, hakuna aliyeuliza hiyo nembo ilitengenezwa na nani. Mwenzangu MamaNakshi, faili ulilitoa wapi? Kama umelipakua bure mtandaoni ukaja kulipunguza kwenye mashine, basi umebana mishono ileile kwenye eneo dogo. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa mashine za nyumbani wameweka kikomo cha kukuza na kupunguza, kwa kawaida asilimia 20 hivi.

#6 MamaNakshi
Asanteni sana, mnanifungua macho.

@BiLeso beji haikupakuliwa. Mwalimu mkuu alinitumia picha kwa WhatsApp, nikampelekea kijana wa stesheneri hapa mjini ana programu ya kompyuta, akaibadilisha ikawa faili la PES, lile linalosomwa na mashine yangu, ndani ya dakika chache. Beji ni duara la sentimita 6 lenye mwenge na kitabu, rangi tano, kioo kinaonyesha mishono 9,800. Pembeni kuna jina la shule kwa herufi ndogo, na chini kauli mbiu yao.

@Sindano75 kukaza ndiyo nakaza, nilidhani ndivyo inavyotakiwa.

#7 Mkokotoaji
Nimevutiwa na hiyo 9,800. Tupige hesabu.

Duara la sentimita 6 lina eneo la sentimita za mraba 28. Ujazo wa kawaida kwa uzi namba 40 (unene wa kawaida wa uzi wa kudarizi) ni mstari kila milimita 0.4, yaani mistari 25 kwa sentimita. Mshono mmoja ukiwa milimita 4, kila sentimita ya mraba inakula mishono 60 na kitu. Zidisha kwa 28 unapata 1,750. Ongeza mishono ya chini inayotangulia kushika kitambaa, ongeza kingo, tuseme 3,000. Wewe una 9,800! Kuna tabaka juu ya tabaka hapo. Kijana wa stesheneri kabonyeza kitufe cha kubadilisha picha yenyewe kwa yenyewe, programu imejaza duara zima, ikajaza mwenge juu yake, ikajaza kitabu juu ya mwenge. Nguo yoyote itajikunja.

BiLeso yuko sahihi.

#8 FundiMtaaWaCongo
@Mkokotoaji hesabu yako ni ya kujaza eneo tu. Umesahau herufi. Herufi hazijazwi kwa mishono ya milimita 4, zinapigwa mishono ya kwenda na kurudi kama zigizaga iliyobanana. Nguzo ya herufi yenye urefu wa sentimita 1 na upana wa milimita 2 inachukua mishono 50 hivi. Eneo hilohilo kwa hesabu yako ungelipa mishono 12. Beji yenye jina la shule na kauli mbiu kufika 7,000 au 8,000 ni jambo la kawaida.

Sikatai kwamba faili la haraka huwa na matatizo. Nasema namba peke yake haithibitishi kitu.

#9 Mkokotoaji
Hapo kwenye herufi umenipata. Lakini 9,800 ndani ya sentimita 6 bado ni nyingi, siondoki hapo.

#10 RiverRoad_Stitches (Nairobi)
Mmeacha tatizo la pili, uzi kurundikana chini. Kila mgeni anakimbilia bobini kwa sababu fujo iko chini. Fujo ikiwa chini, mkosaji mara nyingi ni uzi wa JUU haujakamatwa.

Ukitungia uzi huku mguu wa mashine umeshushwa, zile sahani za tensheni (mkazo wa uzi) zimefungana, uzi unapita pembeni badala ya kuingia katikati. Mashine inashona uzi wa juu ukiwa legelege kabisa, unavutwa chini wote. Kwa hiyo inua mguu, tungia upya toka mwanzo, shusha mguu, vuta uzi kwa mkono. Lazima usikie unakataa kidogo.

Na huo uzi wa kushonea kwenye bobini, toa. Ni mnene. Weka uzi wa bobini wa kudarizi, namba 60 au 90 kulingana na kitabu cha mashine yako. Kupima: darizi herufi I nene, geuza nyuma. Ukiona mstari mweupe wa bobini katikati kama theluthi moja ya upana, na rangi ya juu pande zote mbili, tensheni iko sawa. Ukiona nyuma kote ni rangi ya juu, uzi wa juu umelegea. Ukiona nyeupe inachungulia kwa mbele, umekaza kupita kiasi, na hiyo nayo inakunja fulana.

#11 Chaurembo
Hii ya herufi I nimeinakili kwenye daftari.

#12 Sweta_la_Njombe
Sindano jamani! Kasema mwenyewe anatumia 90/14. Hiyo ni ya jinzi na kaki. Kwa fomu siksi nenda 75/11 yenye ncha ya mviringo, inasukuma vitanzi pembeni badala ya kuvikata. Ukivikata unapata matundu pembezoni mwa beji baada ya kufua mara chache. Na ibadilishe mapema, sindano ikishashona saa nane hivi imechoka hata kama haijavunjika.

#13 Luku_Imeisha
Mimi nauliza, hiyo mashine imetoka nchi gani? Nyingi za mtumba zinatoka Marekani, ni za volti 120. Hapa kwetu ni 230. Watu wanaweka transfoma ya bei rahisi, umeme unacheza, mashine inapiga mishono hovyo. Pia kule ni hezi 60, kwetu 50, kwa hiyo mota inazunguka polepole na mishono inajazana.

#14 RiverRoad_Stitches
@Luku_Imeisha la volti ni kweli na ni muhimu sana. Kabla ya kuchomeka mashine yoyote soma kibandiko karibu na tundu la waya. Kikisema 120V peke yake, usithubutu kuichomeka moja kwa moja. Lakini la hezi si kweli kwa mashine hizi. Ndani yake umeme unageuzwa kwanza kuwa wa mkondo mmoja, halafu kompyuta ndiyo inaamua mota iende kasi gani. Hezi 50 haiwezi kujaza mishono.

#15 Sindano75
Luku_Imeisha kila mada lazima usingizie umeme 😂 Juzi kwenye mada ya keki zisizoumuka pia ilikuwa umeme.

#16 Luku_Imeisha
Na ilikuwa umeme! Oveni ilikuwa haifiki joto.

Haya, niongeze lenye faida basi. Umeme ukikatika katikati ya kazi USIITOE nguo kwenye fremu. Mashine nyingi za sasa zinakumbuka zilipofikia, ukiwasha inakuuliza kama uendelee. Isipokumbuka, kuna vitufe vya kusogea mbele mshono mmoja mmoja au mia mia. Rudi nyuma mishono michache ili ipishane na ile ya mwanzo, kisha endelea. Ukishaitoa kwenye fremu, kuirudisha pale pale ni kazi kubwa mno.

#17 MzeeKanzu (Unguja)
Assalaam alaykum. Nasoma kwa furaha kwani hii ndiyo kazi yangu. Nimeshona kanzu kwa cherehani ya miguu tangu ujana. Tulikuwa twatoa mguu wa cherehani, twashusha meno, nguo twaitia kwenye duara la mbao, mikono ndiyo inayochora. Fundi mzuri aandika jina la mtu bila kuchora kwa penseli. Ningemshauri binti aanze na huko kabla ya kompyuta, atajua uzi unavyovuta nguo kwa vidole vyake mwenyewe. Haya yote munayobishania, mkono wenyewe wakwambia.

Na kofia za vito bado zashonwa kwa mkono hapa, tundu moja moja lazungushiwa uzi. Mashine yaiga, lakini mvaaji ajua tofauti.

#18 Maskati_Yetu (Oman)
Wa alaykumu salaam Mzee. Huku kofia za Kiomani nazo ziko za mkono na za mashine, za mkono bei yake ni nyingine kabisa na watu wanazipokea kama zawadi ya heshima. Dishidasha (kanzu za huku) nyingi madukani shingo imedariziwa kwa mashine kubwa za viwandani.

Swali langu kwa wataalamu: nataka kudarizi shingo ya kanzu nyumbani, fremu ya 10 kwa 10 haitoshi. Nimeambiwa nikanunue fremu kubwa tu. Ni kweli?

#19 Chaurembo
Nimeona fremu ndefu zinauzwa mtandaoni, nadhani ukinunua inashona kubwa.

#20 BiLeso
Hapana mwanangu, tumsaidie asipoteze pesa. Kinachoweka mpaka ni mkono wa mashine unaosukuma fremu, si fremu yenyewe. Kwa mashine kadhaa za Brother za 10 kwa 10 kuna fremu ndefu yenye nafasi tatu za kuchomeka, lakini mashine inaendelea kushona 10 kwa 10 kila nafasi. Unagawa nembo vipande kwenye kompyuta, unashona cha kwanza, unachomoa fremu, unaichomeka nafasi inayofuata. Faida ni kwamba nguo haitoki kwenye fremu. Upana haubadiliki.

Kwa shingo ya kanzu bila kuungaunga angalia mashine ya eneo kubwa. Brother PE800 ni sentimita 13 kwa 18, Janome 500E inafika 20 kwa 28. Na hiyo PE800 ni ya soko la Marekani, kwa hiyo rudi kusoma alichosema RiverRoad kuhusu volti.

#21 Sweta_la_Njombe
Brother ndio walioanzisha mashine za kudarizi za nyumbani, wanajua wanachofanya.

#22 Mkokotoaji
Si wao. Janome walitoa Memory Craft 8000 mwaka 1990, na ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kudarizi nyumbani. Mashine za kudarizi zenyewe ni za zamani zaidi, Heilmann wa Mulhouse alitengeneza yake 1828, ikiendeshwa kwa mkono, na sindano nyingi kwa pamoja.

#23 Sweta_la_Njombe
Sawa mkuu. 75/11 inabaki palepale.

#24 Pikseli (Kampala)
Turudi kwenye faili maana hapo ndipo wanaoanza wanapopoteza pesa. Picha ya JPG si faili la kudarizi. Faili la kudarizi ni orodha ya amri: sogea hapa, choma, sogea, choma, kata, badilisha rangi. Kila kampuni ina lugha yake: PES ya Brother, JEF ya Janome, VP3 ya Husqvarna Viking na Pfaff, DST ya Tajima ambayo karibu mashine zote za biashara zinaisoma. Ukipewa DST ukaona rangi za ajabu kwenye kioo usiogope, DST haibebi rangi, inasema tu "simama, badilisha uzi".

Ipo Ink/Stitch, ni bure kabisa, inafanya kazi ndani ya Inkscape ambayo nayo ni bure, kwenye Windows, Mac na Linux. Inachosha mwanzoni. Lakini wewe ndiye unayeamua mwelekeo wa mishono, wapi pajazwe, wapi paachwe wazi ili kitambaa kionekane. Beji ya chekechea haihitaji duara lote kujazwa. Nunua fulana ya rangi ya duara, acha kitambaa kiwe ndiyo rangi, darizi mwenge na herufi tu. Nusu ya mishono inaondoka.

Na hiyo kauli mbiu: herufi chini ya milimita 5 kwa uzi namba 40 zinaziba. Mwambie mwalimu mkuu aikubali kubwa au aiache.

#25 KarakanaYaMbeya
Kuhusu biashara. Mashine nyingi ndogo zinaishia mishono 400 hadi 650 kwa dakika. Beji ya 9,800 kwa kasi ya 650 ni dakika 15 bila kusimama. Rangi tano maana yake unakaa hapo ubadilishe uzi, na uzi ukikatika unarudi. Weka nusu saa kwa beji. Ukishinda saa nane umetoa 16. Shule ya watoto 120 ni zaidi ya wiki, na mgongo unauma. Ya sindano 12 au 15 inabadilisha rangi yenyewe, unaiacha inapiga huku unatayarisha fremu nyingine.

Kwa hiyo mimi nasema uza, tafuta kubwa.

#26 BiLeso
Auze ili iweje, kabla hajapata oda ya pili? Mashine ya biashara ina uzito, inataka chumba chake, na ikiharibika Morogoro atamwita nani? Mimi nimelea wanangu na mashine ya sindano moja, majina kwenye mashuka ya maharusi, mataulo, leso za zawadi. Oda kubwa ya shule nawapelekea wenye mashine kubwa, nabaki na changu cha kati.

Halafu ipo njia nyingine: tengeneza beji kwenye kitambaa kigumu peke yake, kata, shonea kwenye fulana kwa cherehani ya kawaida. Beji ikiwa na upana wa sentimita 4.5, nne zinaingia kwenye fremu moja, na unabadilisha rangi mara moja kwa zote nne. Fomu siksi haijikunji kwa sababu hujadarizi juu yake.

#27 KarakanaYaMbeya
Ya beji za kushonea nakubali. Ila asisahau uzi kwenye bei. Piga mita 5 za uzi wa juu kwa kila mishono 1,000. Beji yake ni kama mita 49. Koni ya mita 5,000 ni beji 100 hivi, na bado kuna karatasi na sindano. Wengi wanatoza kwa ukubwa wa nembo wakati gharama yao iko kwenye idadi ya mishono.

#28 MamaNakshi
Nimerudi na majibu. Nimepata karatasi ya kukata, nimeitia peke yake kwenye fremu, fulana nimeilaza juu bila kuivuta. Nimetungia uzi mguu ukiwa juu, nimeweka sindano 75/11 na uzi mwembamba kwenye bobini. Faili ni lilelile la stesheneri.

Kurundikana chini kumekwisha kabisa. Mikunjo imepungua sana, mwenge uko laini. Lakini penye jina na kauli mbiu, kitambaa bado kina mawimbi.

#29 FundiMtaaWaCongo
Karatasi hiyo! Nilisema.

#30 Sindano75
Karatasi ipi wakati ameacha kuvuta fulana?

#31 Sweta_la_Njombe
Na sindano je?

#32 Mkokotoaji
Amebadilisha vitu vitano kwa mpigo, hakuna anayeweza kudai. Mnachoweza kuona ni kwamba mawimbi yamebaki palepale penye mishono mingi. Faili.

#33 RiverRoad_Stitches
Au tensheni. Herufi nyembamba ndizo zinazoonyesha uzi wa juu uliokazwa zaidi, kwa sababu kila mshono unavuta pande mbili zilizo karibu. Dada, tupigie picha ya NYUMA ya hizo herufi. Na ushushe tensheni ya juu namba moja, ujaribu kwenye kipande cha fomu siksi ileile, si kitenge.

#34 MzeeKanzu
Kabla ya yote ifuliwe hiyo nguo ikiwa bado haijadariziwa. Nyingine ni pamba, zarudi kwa maji. Utaitengeneza leo imetulia, mtoto aende nayo shule, mama aifue, ijikunje tena.

#35 Sindano75
Mzee la kufua ni kweli kwa pamba. Kama ni poliesta hairudi hivyo. MamaNakshi, lebo inasemaje?

#36 MamaNakshi
Lebo inasema pamba 60, poliesta 40. Nafua moja sasa hivi, nyingine naiacha bila kufua, faili lilelile. Kesho mchana nitaweka picha za nyuma na mbele. @Pikseli hiyo Ink/Stitch inakubali laptopu ya zamani ya Windows 7?

#37 Pikseli
Matoleo mapya ya Inkscape hayaikubali Windows 7, utahitaji Windows 10. Kama una rafiki mwenye laptopu mpya, fanyia kwake, uhifadhi faili kwenye flashi ndogo, kuna mashine zinakataa flashi kubwa. Ukikwama kwenye kugawa herufi niandikie inboksi, nitakuchorea kauli mbiu upya tuone kama mawimbi yataondoka.

#38 FundiMtaaWaCongo
Na ukifika kwenye masweta weka karatasi ya kukata mbili nyuma na ile ya kuyeyuka juu. Usisikilize wanaosema moja inatosha.

#39 Sindano75
Moja inatosha.